Mnachaguaje picha za mandhari za sebuleni? Mimi nimeshachemka mara moja

KochiRefu

Wakuu habari za muda huu,

Naombeni ushauri kwa wale mnaojua mambo ya picha za kuchora, hasa hizi za mandhari, milima, bahari, misitu, mashamba na vitu kama hivyo. Iko hivi, tumehamia nyumba yenye sebule kubwa kidogo kuliko tuliyozoea, kuna kochi la watu watatu lina mita 2.1 nimelipima mwenyewe, na juu yake ukuta mweupe mtupu, yaani ukikaa upande wa pili unaukodolea ukuta kama unasubiri kuitwa kwa daktari. Nikasema ngoja nitafute picha. Nikaona moja ya jua linazama, machungwa tupu na miti myeusi mbele, halafu mito ya kochi letu nayo ni ya rangi ya machungwa, nikajiona mjanja, nikalipa nikabeba.

Kufika nyumbani ndio nagundua ni sentimita 40 kwa 50. Dukani ilionekana kubwa sababu ilizungukwa na vipicha vidogo zaidi. Juu ya kochi imekaa kama stempu kwenye bahasha ya kaki. Na usiku tukiwasha taa (zile nyeupe za LED) lile jua linapauka kama fulana iliyosahaulika kwenye kamba wiki nzima. Mke wangu wiki ya kwanza alinyamaza, wiki ya pili akaniuliza taratibu tu, "hii tutaizoea lini?" Nimeitoa ipo nyuma ya mlango.

Sasa safari hii sitaki kukurupuka. Maswali yangu: saizi inapimwaje, ni lazima rangi zifanane na kochi au huo ni uongo wa wauza mito, na je ninunue iliyochorwa kwa mkono au printi inatosha. La mwisho ndio gumu, mimi nataka milima, mwenzangu anataka bahari, tumebishana siku tatu mpaka mtoto katuambia basi wekeni saa.

Dirisha kubwa liko kushoto mwa hilo kochi, jua linapiga huo ukuta kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita hivi.

---

paka_wa_darini

Weka TV mkuu, ina milima ina bahari na mpira juu 😂

---

NyundoMoja

Mleta mada pole, ila hilo kosa la saizi ni la kila mtu, mimi kazi yangu ni fremu na nadhani nusu ya watu wanaokuja kwangu wana picha ndogo kuliko ukuta wao, ya kubwa kupita kiasi naiona mara chache sana.

Hesabu tunayotumia mafundi ni hii, picha juu ya kochi iwe kama theluthi mbili ya urefu wa kochi. Lako ni mita 2.1 kwa hiyo unatafuta kitu cha sentimita 140 hivi kwa upana, ikipungua ikawa 120 bado itakaa. Sio lazima iwe moja, unaweza kuweka mbili au tatu zikahesabika kama kitu kimoja, hapo unapima kuanzia ukingo wa nje wa ya kwanza mpaka wa nje wa ya mwisho na katikati unaacha sentimita 5 mpaka 8, ukiachanisha zaidi zinakuwa kama watu waliogombana.

Kimo sasa. Watu wanatundika juu mnoo. Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 mpaka 150 kutoka sakafuni, hiyo ndio macho ya mtu mzima aliyesimama, majumba mengi ya sanaa yanatumia kipimo cha hapo hapo. Halafu kati ya mgongo wa kochi na ukingo wa chini wa fremu acha sentimita 15 mpaka 25, ukiacha zaidi picha inaelea yenyewe kama haihusiani na kochi. Tuseme mgongo wa kochi lako uko sentimita 85 kutoka chini, ongeza 20 unapata 105, ukichukua picha ya kimo cha sentimita 90 katikati yake inaangukia 150 kamili. Unaona inavyojipanga? Dari ikiwa juu sana usidanganyike ukaifuata.

Na kabla hujatoa hata senti tano, chukua magazeti ya zamani, unganisha kwa selotepu mpaka upate 140 kwa 90, bandika ukutani, liache siku tatu. Utaona mwenyewe. Siku ya kwanza utaliona kubwa mno, siku ya tatu utasahau kuwa lipo, hapo ujue saizi ni sahihi. Kama siku ya tatu bado linakubana kifua punguza.

---

RangiMbichi

Habari mleta mada, mimi nachora, sana sana mandhari, kwa hiyo nina upande wangu kwenye hili, nisome ukijua hivyo.

Kwanza mito ya kochi. Mito unabadilisha ukichoka nayo, picha unatarajia ukae nayo miaka, sasa iweje kitu cha miaka kikachaguliwe na kitu cha miezi? Chagua picha, halafu kama unataka mto mmoja uokote rangi moja ndogo iliyomo kwenye picha, ile ambayo ipo kwenye kona tu, kijani cha nyasi au kijivu cha jiwe. Ukichukua rangi kuu ya picha ukaimwaga chumba kizima, picha inazama, haionekani tena. Ndio kilichokukuta, machungwa juu ya machungwa.

Kitu cha pili wengi hawakifikirii kabisa. Picha ya mandhari ina mwanga ndani yake. Angalia vivuli vinaangukia wapi, utajua jua la kwenye picha linatoka upande gani. Kwako dirisha liko kushoto, tafuta picha ambayo mwanga wake unatoka kushoto pia, itakaa pale kama dirisha la pili. Ikiwa inatoka kulia sio dhambi, ila utakuwa unahisi kuna kitu hakijatulia na hutajua ni nini.

Cha tatu ni umbali. Ukitaka sebule ipumue tafuta picha ambayo vitu vya mbali vimepauka na kuingia bluu. Hili wachoraji wanalijua tangu enzi, Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia wa zamani, aliliandika kwenye madaftari yake, kwamba hewa iliyo kati yako na mlima inautia mlima rangi ya bluu, na kadiri mlima unavyokuwa mbali ndivyo bluu inavyozidi na mistari yake inavyofifia. Macho yetu yamezoea hivyo, kwa hiyo ukiona bluu hafifu juu ya ukuta ubongo unasoma umbali na ukuta unarudi nyuma. Machungwa na nyekundu zinafanya kinyume, zinakuja mbele. Lile jua lako hata lingekuwa kubwa lingeisogeza kochi yako mlangoni.

Sasa ugomvi wako na mwenzako. Mnabishania kitu, milima au bahari, mimi ningewaambia mbishanie saa. Mtoto wenu kasema kweli bila kujua 😄. Monet, mchoraji wa Ufaransa, mwaka 1890 na 1891 alichora marundo ya mavuno yale yale shambani karibu na kwake, picha kama 25, rundo ni lile lile, ila moja ni asubuhi, nyingine jua linazama, nyingine theluji, na ukiziona pamoja kila moja ina moyo wake. Kwa hiyo mandhari kwa sehemu kubwa ni saa na hali ya hewa, mlima ni kisingizio. Kaeni chini kila mmoja achague picha kumi anazozipenda kwenye simu bila kumwonyesha mwenzake, halafu mziangalie kwa pamoja, msihesabu milima wala bahari, hesabuni ni saa ngapi kwenye hizo picha na hewa ikoje, ukungu, jua kali, mvua inakuja. Mimi nabashiri mtakutana hapo.

---

KochiRefu

Aisee RangiMbichi hii ya saa sijawahi kuisikia popote. Ngoja nimwambie leo usiku. NyundoMoja magazeti sina ila nina makaratasi ya boksi la friji tulilohamia nalo, nitatumia hayo.

Ila swali la printi hamjanijibu.

---

mkaa_pembeni

Mi ntakuwa tofauti kidogo na hawa wakubwa wawili. Hizo hesabu za theluthi mbili ni nzuri kwa picha ya kutazamwa kwa mbali, ila kuna picha hazitaki kutazamwa kwa mbali na mtu akizifuata hizo hesabu hatazinunua maishani. Lile wimbi kubwa la Hokusai wa Japani mnalolijua wote, lenye povu kama kucha, unajua lina ukubwa gani? Kama sentimita 26 kwa 38 tu, na hapo ndani kuna wimbi, mitumbwi mitatu, watu wameinama, na Mlima Fuji mdogo kule nyuma ambao wengi hawauoni mpaka waonyeshwe. Ni kitu cha kushika mkononi. Watu wanaikuza inakuwa ukuta mzima halafu wanashangaa mbona inapiga kelele. Upande wa pili Constable wa Uingereza alichora mkokoteni unavuka maji mwaka 1821, kile kitambaa kina sentimita 130 kwa 185, ukikipunguza ukaweka cha kiganja unapoteza lile anga na mawingu ambayo ndio utamu wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujapima kochi, pima unapokaa. Wewe mwenyewe unakaa wapi jioni? Kama unakaa kwenye hilo kochi basi picha iko nyuma ya kisogo chako, unamnunulia mgeni! Mimi niliishi miaka miwili na picha nzuri juu ya kochi nikaiona labda mara ishirini. Siku hizi nina mandhari ndogo tu, shamba na mvua inakuja kwa mbali, iko kando ya kiti changu kwa kimo cha mtu aliyekaa, yaani chini kuliko alivyosema NyundoMoja, naiona kila siku nikivua viatu.

Na hiyo stempu yako usiitupe. Itoe nyuma ya mlango iweke korido au kando ya kitanda, pale ambapo mtu anapita akiwa karibu, uone kama haitabadilika.

---

NyundoMoja

@mkaa_pembeni umeongea, na kimo kwenye sehemu ya kukaa kweli kinashuka, sina ubishi. Ila kochi lake lina ukuta mtupu na mkewe anauona akiwa upande wa pili, tumsaidie hilo kwanza 😅

---

RangiMbichi

Printi. Nitajibu kinyume na maslahi yangu.

Printi nzuri sio aibu. Hilo wimbi alilotaja mkaa_pembeni lenyewe ni printi tangu mwanzo, ni mbao zilizochongwa zikapakwa wino zikagandamizwa kwenye karatasi, kila rangi na ubao wake, nakala nyingi zikatoka, miaka ya 1830 mwanzoni. Hakuna halisi moja iliyofichwa mahali. Kwa hiyo kama unaipenda picha na mchoraji alishafariki zamani, nunua printi nzuri ulale usingizi.

Kibaya ni kuuziwa printi kwa jina la mchoro wa mkono. Kuna ujanja wanachapa picha kwenye kanvasi kwa mashine halafu wanapaka juu yake jeli isiyo na rangi kwa brashi, ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo unasema hii ni rangi ya mafuta. Angalia hiyo mikwaruzo inakwenda wapi. Kwenye mchoro wa kweli brashi inafuata kitu, inapanda na shina la mti, inalala na maji, inazunguka na wingu. Kwenye ile ya jeli mikwaruzo inapita tu, inaanzia angani inakata mlima mpaka ziwani kama mtu aliyekuwa anapaka ukuta. Kisha chukua simu, fungua kamera, sogeza karibu kabisa ukuze, ukiona vidoti vidogo vya rangi hiyo ni mashine. Na igeuze nyuma! Mtu akikukataza kugeuza picha nyuma ondoka.

Ya mkono ina nini cha zaidi basi? Rangi ya mafuta ina unene na kila safu inapitisha mwanga kivyake, kwa hiyo saa nne asubuhi jua likipiga pembeni utaona vitu ambavyo saa kumi havipo. Printi ni ile ile saa zote. Kama ukuta wako ni wa kutazamwa asubuhi mpaka usiku hiyo tofauti utaiona, kama ni wa korido yenye balbu moja okoa hela zako.

Na hilo jua la saa nne mpaka saa sita linanitia wasiwasi kidogo. Mwanga unakula rangi, sio hadithi. Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alichora chumba chake cha kulala mwaka 1888, kwenye barua aliandika kuta ni za zambarau hafifu, leo ukiiona kuta ni bluu, sababu ile nyekundu aliyochanganya ilififia ikabaki bluu peke yake. Na hiyo ni rangi ya mafuta. Rangi za maji na printi za wino wa bei rahisi ndio zinaumia haraka zaidi. Kwa ukuta wako chukua mafuta au akriliki, au printi ya wino wa pigimenti (chembe za rangi zisizofifia haraka) yenye kioo kinachozuia miale ya UV, ile ya jua inayofifisha rangi, halafu saa hizo mbili shusha pazia jepesi. Rangi za maji peleka ukuta usiopigwa na jua kabisa na hakikisha kuna kadibodi yenye dirisha kati ya karatasi na kioo, karatasi ikigusana na kioo unyevu ukiingia inashika na fangasi wanaanza.

Kuhusu taa, picha yako haikupauka, taa zako ndio zimeiua. Angalia boksi la balbu kuna namba ya Kelvin, inasema mwanga ni mweupe au wa njano kiasi gani, nyeupe kali huwa 6000 na kitu, tafuta 2700 mpaka 3000, na kuna namba nyingine wameandika CRI au Ra, iwe 90 kwenda juu. Hiyo ya pili ndio inasema taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani. Badilisha balbu kwanza kabla hujaichukia picha.

---

Mama Mapacha

Jamani nimecheka hapo kwa mtoto kusema wekeni saa.

Mimi sio mtaalamu ila nina jambo moja. Tulinunua picha ya njia, barabara ya vumbi inaingia msituni inapinda inapotea. Nzuri kweli kweli. Tukaiweka chumba cha watoto sababu tulidhani kijani kitawatuliza. Wa kwanza (ndio walikuwa na miaka minne) akaanza kuuliza kila usiku, ile njia inaenda wapi, nani anakaa kule, mbona hajarudi. Nani hajarudi?? Mpaka mimi mwenyewe nikawa siitazami nikizima taa. Tukaihamishia sebuleni, na pale sasa ndio imekuwa raha, wageni wote wanaingia nayo mazungumzo, kila mtu ana jibu lake inaenda wapi.

Kwa hiyo mleta mada angalia picha inakufanya macho yako yaende wapi, kama inakuingiza ndani au inakusimamisha mlangoni. Na kama kuna mtu ndani ya picha hata mdogo kama punje, jicho litakwenda kwake kwanza daima, yeye ndio anakuwa picha na mlima unakuwa nyumba yake. Wengine wanapenda hivyo, mimi kwa sebule napenda isiwe na mtu, watu wa nyumba hii tunatosha.

---

mkaa_pembeni

Hii ya nani hajarudi sitalala leo.

---

KochiRefu

Wakuu mrejesho.

Tumefanya zoezi la picha kumi kumi. Zangu saba milima, zake nane bahari, mpaka hapo vita. Halafu tukahesabu saa kama alivyosema RangiMbichi. Kati ya ishirini, kumi na nne ni asubuhi na mapema, jua halijatoka au ndio linatoka, na karibu zote zina ukungu au wingu jepesi. Jua kali la mchana hakuna hata moja kwangu wala kwake. Machweo moja tu, na ni yangu, ile ile tabia iliyoniponza 😂. Tukatazamana. Siku tatu tumenuniana kumbe wote tunataka saa kumi na mbili asubuhi.

Boksi la friji nalo limekaa ukutani siku nne. Siku ya kwanza mke wangu alisema hapana, hii tunaingia sinema. Siku ya tatu akalitundikia kikapu cha ufunguo bila kufikiri. Nimekata nikashusha mpaka 130 kwa 85.

Balbu nimebadilisha. Ile stempu iko korido pembeni ya swichi na ni kweli jamani, ukipita karibu ni picha nyingine kabisa, kuna ndege wawili juu ya mti sikuwa nimewaona. Mkaa_pembeni unanidai samahani.

Tumepata mchoraji ana picha ya pwani alfajiri, maji yamekupwa, mchanga umelowa unaakisi mbingu, na kwa mbali kabisa kule nyuma vilima vya bluu vinavyokaribia kupotea. Yaani bahari yake mbele, milima yangu nyuma. Mwanga kushoto. Rangi ya mafuta. Anasema kaimaliza mwezi uliopita, je naweza kuichukua au isubiri ikauke? Na vanishi vipi?

---

RangiMbichi

Hongereni! Ichukue. Kwa juu imeshakauka ila ndani rangi ya mafuta inaendelea kukauka miezi mingi, ndio maana vanishi ya mwisho kwa kawaida tunasubiri miezi sita mpaka mwaka, hasa pale rangi ilipopakwa nene. Mwambie mkubaliane kabisa kuwa utairudisha aipake, mchoraji makini hatakataa. Kwa sasa usiifungie plastiki, usiiegemeze kitu usoni, na vumbi likikaa tumia brashi laini kavu. Kitambaa kibichi HAPANA, na usimsikilize atakayekuambia usugue na kitu chochote kutoka jikoni.

---

NyundoMoja

Saizi hiyo usitundike kwa msumari mmoja. Weka skrubu mbili zenye vishikizo vya plastiki ndani ya ukuta, ziachane kama sentimita 70, picha haitakuwa inapinda kila mlango ukipigwa. Kwa kanvasi bila kioo nashauri ile fremu ambayo kanvasi inakaa ndani bila kugusa ukingo, inabaki nafasi ndogo pande zote, mandhari inapendeza nayo sana.

---

KochiRefu

Wiki tatu baadaye. Imetundikwa. Sina maneno, asubuhi jua likiingia ule mchanga uliolowa unawaka kweli, nimechelewa kazini mara mbili.

Ila kuna kitu. Mke wangu alisema imepinda. Nikaweka pima maji juu ya fremu, kipovu katikati kabisa. Akasema bado imepinda. Nikaweka chini, katikati. Tukagombana kidogo. Mwisho akachukua rula akapima kutoka ukingo wa juu wa fremu mpaka ule mstari wa bahari na mbingu, kushoto ikaja namba moja, kulia imezidi milimita tatu. Fremu imenyooka, bahari ndio imelala kulia.

Sasa tangu aniambie sioni kitu kingine.

---

NyundoMoja

Hahaha shemeji ana jicho, mlete karakana nimwajiri. Hiyo ni kawaida kwenye bahari, milima ingepinda usingejua maisha yako yote ila mstari wa maji hausamehe.

Usiguse fremu. Ishushe, ilaze kifudifudi juu ya blanketi, nyuma utaona skrubu nne zinazoshika kanvasi kwenye fremu. Zilegeze, inua kanvasi upande wa kulia milimita tatu, ile nafasi ya pembeni inaruhusu, chomeka kipande cha kadibodi chini kwenye kona ya kulia ili isirudi, kaza. Kumbuka ukiwa umeigeuza kulia kunakuwa kushoto, hapo ndio wengi wanaharibu.

---

KochiRefu

Nimeinua upande usio wenyewe. Sasa ni milimita sita. Naishusha tena.